Motokari ilikuwa juu ya matofali

"Shefu, ile Jumatano motokari ilikuwa juu ya matofali. Sasa mikate ilienda Likasi na miguu?"

Papa wa pointage, yule anayehesabu mikate inayotoka, hakuuliza kwa hasira. Aliuliza huku akijipangusa unga mikononi, saa moja asubuhi, mlangoni mwa ofisi ya mahesabu, siku ya Alhamisi, baridi ya mwezi wa saba ikiwa bado imeng'ang'ania kuta. Kwapani alikuwa na daftari lake, lile la jalada gumu, limevimba kwa unyevu hadi haliwezi tena kufungika vizuri. Mkononi mwangu mimi kulikuwa na karatasi moja safi, iliyotoka kwenye printa dakika chache zilizopita.

Karatasi ilisema: Jumatano, pungufu ya mikate 412.

Nilijua gari halikutoka Jumatano. Nililiona mwenyewe uani, tairi mbili za nyuma zimetolewa, limekaa juu ya matofali kama kuku anayeatamia. Na bado nikamjibu, jibu ambalo limekuwa likinirudia wiki hizi zote ninapopiga mswaki, ninapongoja teksi pale Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, ninapojaribu kulala:

"Sisteme haijui mtu, papa."

## Taa ya kijani

Wengi mnaosoma hapa mmeshajaza fomu ile, kwa hiyo sitaieleza sana. Unafungua programu ya kufanya kazi zijiendeshe zenyewe, unachagua adapta ya hifadhidata, yaani kiungo cha kuifikia, inakupa visanduku: anwani ya seva, poti, jina la hifadhidata, mtumiaji, neno la siri, dereva. Chini kabisa kuna kitufe cha kujaribu.

Hapa kwetu, katika boulangerie (kiwanda cha mikate) moja ya Lubumbashi ninayoisaidia mambo ya kompyuta, hifadhidata ni PostgreSQL kwenye mashine ya ofisini. Kila shehena ya mikate inapotoka, papa wa pointage anaiingiza kwenye programu: inakwenda wapi, mingapi. Saa inajiandika yenyewe. Mama wa kesi, yule anayepokea fedha, naye anaingiza alizopokea na kuandika tarehe kwa mkono. Asubuhi ya pili ripoti inalinganisha mikate iliyotoka jana na fedha zilizoingia kwa jina la jana. Zamani nilikuwa na skripti yangu ndogo ya kufanya hivyo. Ilikuwa mbaya kuitazama lakini ilifanya kazi. Mwezi wa sita nikaamua tuhamie kwenye programu ya kisasa, yenye michoro na mishale, inayotuma ripoti yenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi hata nikiwa nimelala.

Adapta ilinitesa mchana mzima. Niliandika localhost, yaani "hapa hapa kwangu", nikasahau kwamba programu inakaa ndani ya kontena, kama chumba kilichotengwa ndani ya mashine, na kontena likisema "kwangu" linamaanisha ndani mwake, si kwenye mashine iliyolibeba. Nikarekebisha anwani. Ikakataa, kwa sababu PostgreSQL ikiwekwa tu bila kuguswa huwa inasikiliza wageni wa mashine yake yenyewe tu. Nikabadilisha listen_addresses, mpangilio wa anwani inazosikiliza. Ikakataa tena, safari hii ni pg_hba.conf, lile faili linaloamua nani aingie kwa njia gani. Nikaongeza mstari. Katikati ya hayo umeme ukakatika, nikakaa gizani dakika arobaini nikisikiliza jenereta ya jirani.

Uliporudi nikafanya jambo ambalo nilijipongeza nalo sana. Sikuipa adapta jina la mkubwa wa hifadhidata. Nilitengeneza mtumiaji mpya mwenye ruhusa ya kusoma tu. Nikabonyeza kitufe. Kijani.

Mnajua kitufe kile kinafanya nini? Mara nyingi kinatuma swali la kitoto, "SELECT 1", yaani nipe moja. Moja ikirudi, kinawasha taa. Kimegonga mlango, mtu ameitika, basi.

Sikuishia hapo lakini, nisijionee zaidi ya haki. Nilichukua mwezi wa tano wote, nikauhesabu kwa skripti ya zamani na kwa programu mpya. Kwenye mikate zaidi ya elfu tisini, tofauti ilikuwa mikate 8. Minane! Nikasema ni makosa ya kuandika, nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Ile minane ndiyo ilikuwa inaniita. Nikaipita.

## Wiki ambayo wizi ulianza

Papa wa pointage ana miaka kumi na moja pale. Katika miaka hiyo amegombana na watu kwa sababu ya mifuko ya unga, mafuta ya gari, watoto wanaookota mikate iliyoungua. Kuhusu hesabu, hapana. Hesabu zake zilikuwa zinakaa.

Wiki ya kwanza ya ripoti mpya akapungukiwa mara tatu. Mikate 22, mikate 35, mikate 17. Wiki ya pili mara nne. Si mingi. Ni kiasi kile hasa ambacho mtu angechukua akijua kwamba hakitaonekana: kapu moja kwa shemeji, kapu moja kwa mama anayeuza pale barabarani.

Patroni akaniita. Akanipa mkono, akanishikilia kiganja kwa muda. "Unaona? Miaka yote hii tulikuwa tunaibiwa na hatujui. Mashine imefichua."

Nami nikafurahi.

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilisita, kwamba kitu kilinigusa moyoni. Hakikunigusa. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni. Nilikuwa nimehangaika na adapta ile, nimekaa gizani, na sasa kumbe kazi yangu imekamata mwizi. Sifa ile ikawa ndiyo ushahidi wangu. Mtu ambaye hesabu zake zimekaa miaka kumi na moja anaanza kupungukiwa wiki ileile programu mpya inapoingia, na hakuna hata mmoja wetu ofisini aliyegeuza sentensi hiyo aisome kutoka upande wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kuigeuza kuliko wote, maana ndiye niliyejua kitu gani kimebadilika na siku gani.

Mshahara wa mwezi wa sita ulipotoka, wake ulikatwa.

## Siku zinazozidi

Ile Alhamisi aliondoka bila kungoja nimalize. Nikabaki na karatasi na picha ya gari juu ya matofali.

Nilianza, kama kawaida yetu, kwa kumshuku mtu. Labda aliingiza shehena mara mbili. Labda Jumatano aliingiza mikate ya Likasi kwa mazoea, mkono ukatangulia akili. Nikakaa kwenye mashine ya ofisini, nikafungua hifadhidata moja kwa moja, nikaitafuta hiyo shehena ya Jumatano ya kwenda Likasi.

Haipo.

Nikarudi kwenye programu, nikaomba orodha kamili badala ya jumla. Ipo. Jumatano, Likasi, 412.

Nilirudia mara nne. Hifadhidata moja, jedwali moja, swali moja neno kwa neno. Nikiuliza nimekaa hapa, hakuna. Nikiuliza kupitia adapta, ipo. Nikaanza kuwaza mambo ya ajabu: kwamba kuna hifadhidata mbili, kwamba nilinakili moja nikasahau, kwamba programu inatunza majibu ya zamani. Mchana wote ukaisha kwenye mawazo hayo, na yote yalikuwa bure.

Kilichonitoa kwenye shimo hakikuwa kompyuta. Jioni nilizipanga mezani zile ripoti za wiki tatu zilizotangulia wiki hii, karatasi 19, nianze kujumlisha mapungufu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kuna siku zilizozidi. Zilikuwepo siku zote. Mikate 28 zaidi, mikate 41 zaidi. Siku ikipungua anakatwa. Siku ikizidi hakuna anayeuliza, karatasi inaingia kwenye faili.

Jumla ya mapungufu: 286. Jumla ya ziada: 272.

Mwizi gani huyu anaiba mikate 286, halafu usiku mwingine analeta fedha za mikate 272 kutoka mfukoni mwake?

Nikaitafuta na ripoti ya Jumanne, siku moja kabla ya gari kuharibika. Ziada, 398. Nayo tuliipita.

## 1h10

Ijumaa usiku nikaenda mwenyewe. Sikwenda mchana ofisini. Nilikwenda saa saba kasoro usiku, wakati tanuri linapakuliwa kwa mara ya kwanza. Asiyewahi kusimama karibu na tanuri la mikate katikati ya usiku wa kiangazi cha Lubumbashi hajui raha: mgongo unaganda, kifua kinaungua, na harufu inakutoa mate hata kama umeshiba.

Papa wa pointage aliniona, akaendelea na kazi. Gari lilikuwa limepona. Wakapakia kreti za Likasi, akahesabu kwa kidole, akaandika. Nikamwomba anionyeshe ukurasa wa Alhamisi.

Mstari wa kwanza, kwa bic ya buluu, mwandiko wa shule za zamani: *1h10 – Likasi – 412.*

Ni ileile 412. Ilikuwa kwenye ukurasa wa Alhamisi, mahali pake, saa saba na dakika kumi usiku. Karatasi yangu ilikuwa imeichukua ikaipeleka Jumatano. Gari lililobeba mikate ile lilikuwa na tairi zote nne.

Nikafungua ukurasa wa Jumatano: hakuna Likasi. Wa Jumanne: Likasi, 398. Nikaelewa ile ziada ya Jumanne kabla hata sijafika chini ya ukurasa. Ripoti ya kila siku ilikuwa inaacha gari la Likasi la siku ile na kuchukua la siku inayofuata. Mapungufu yote ya wiki tatu yalikuwa ni tofauti kati ya gari la leo na gari la kesho: leo 405, kesho 436, basi mtu kaiba mikate 31. Kesho pungufu kuliko leo, basi kazidi. Na ukijumlisha mwezi mzima yanafutana yote, inabaki tofauti ya gari la kwanza na la mwisho tu. Mikate minane.

Kwa nini Likasi peke yake? Kwa sababu ni karibu kilomita 120, na gari lazima liwahi kabla maduka hayajafunguliwa. Akina mama wa hapa mjini wanaanza kuchukua saa kumi alfajiri. Kabla ya saa nane usiku hakuna kingine kinachotoka uani.

Saa nane usiku. Nilikuwa nimesimama pale na kreti tupu mbele yangu, nikayarudia maneno hayo. Saa mbili baada ya saa sita.

## Leo ya nani

Nchi hii ya Kongo ina saa za aina mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, UTC, na sisi huku Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, tuko saa mbili mbele. Tumezaliwa tukijua. Redio ya taifa ikitaja saa, unaongeza moja bila kufikiri. Ndugu wa Kinshasa wanapiga simu wakidhani bado ni mapema kumbe umeshapanda kitandani. Mwaka mpya sisi tunaula kwanza, wao wanapata uliopoa. Kwa hiyo ukiniambia kwamba kosa langu ni la saa, nitakuambia haiwezekani, mimi ni mtu wa Lubumbashi, saa ndiyo kitu cha kwanza ninachokiangalia.

Na kweli nilikiangalia. Saa ya kompyuta ya ofisini ilikuwa sahihi, na ukanda wake wa saa Africa/Lubumbashi. Safuwima ya saa kwenye jedwali niliifanya ya aina ya timestamptz, yaani saa yenye ukanda, ile inayosemekana ndiyo ya watu makini.

Lakini timestamptz haitunzi jina la mji. Jina lake linadanganya kidogo. PostgreSQL inachukua dakika uliyoipa, inaigeuza kuwa UTC, inaiweka. Ukiiomba baadaye inakugeuzia kulingana na ukanda wa saa wa kikao chako. Wewe uliyeuliza. Watu wawili wakiuliza dakika moja, mmoja ameketi Lubumbashi na mwingine UTC, mmoja anaambiwa Alhamisi saa 01:10 na mwingine anaambiwa Jumatano saa 23:10, na wote wameambiwa ukweli. Ukikata tarehe kutoka kwenye jibu hilo, kila mmoja anabaki na siku yake.

Safuwima ya mama wa kesi, kwa upande mwingine, ni tarehe tupu. Haina saa, haigeuzwi, haiendi popote. Alhamisi aliyoiandika kwa mkono wake inabaki Alhamisi hata ukiisomea Tokyo.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nalinganisha fedha za siku ya Lubumbashi na mikate ya siku ya mji mwingine, ambao unaamka saa nane zetu za usiku.

Mji huo ulitoka wapi? Hapa ndipo adapta inaporudi. Programu yangu imeandikwa kwa Java, moja ya lugha za kuandikia programu. Dereva ya Java ya PostgreSQL (Kiswahili kimetupa neno moja kwa kipande hiki cha programu na kwa yule bwana wa gari la Likasi, na wiki hizo wote wawili walinihusu) inapofungua muunganisho, pamoja na jina na neno la siri, inaiambia seva pia ukanda wa saa wa ile Java iliyo chini yake. Haikuulizwa kwenye fomu. Hakuna kisanduku chake. Inasema tu, kama mgeni anayebisha hodi na kutaja kwao. Na Java iliyo ndani ya kontena ambalo hakuna aliyeliambia liko wapi hujibu: UTC.

Siilaumu. Ina sababu zake. Java na seva lazima zikubaliane namna ya kugeuza saa, la sivyo mambo yangekuwa mabaya zaidi. Ila nakumbuka mchana ule niliojaza visanduku vyote sita nikadhani nimeieleza adapta kila kitu, kumbe yenyewe ilikuwa na la kwake la kusema.

Uthibitisho ulichukua sekunde tano. Kwenye mashine ya ofisini niliandika amri ya kuonyesha ukanda wa saa:

SHOW timezone;

*Africa/Lubumbashi.*

Kupitia adapta, maneno yaleyale.

*UTC.*

Nilicheka peke yangu ofisini, kicheko kibaya. Kisha nikakumbuka kwamba lugha yangu mwenyewe ina tahadhari hii tangu zamani. Mswahili akikuambia "usiku wa Jumatano" unamuuliza upi, kwa sababu kwa hesabu ya wazee siku inaanza jua linapotua. Ndiyo maana tunasema usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, tunazitaja zote mbili ili pasiwe na ugomvi. Gari la Likasi linatoka katika usiku wa kuamkia. Daftari lilijua. Jedwali langu halikujua.

## Nani anasema mwisho

Kurekebisha nako kulinidhalilisha, na hili naliandika kwa ajili ya yeyote atakayepita njia hii.

Nilianza upande wa seva, kwa sababu seva ni yangu na ninaiamini. Kuna amri ya kumpangia mtumiaji ukanda wake, ALTER ROLE, unataja jina na kuweka timezone iwe Africa/Lubumbashi. Nikaipiga, nikaingia kwa jina la yule mtumiaji kutoka mashine ya ofisini, nikauliza. Lubumbashi. Nikamwandikia patroni ujumbe kwamba nimepata tatizo na limekwisha, kesho ripoti itakuwa safi.

Kesho ripoti ikaja na ziada ya mikate 19.

Anachokisema mteja wakati wa kuunganisha kinashinda ulichompangia mtumiaji kwenye seva. Dereva ilikuwa bado inataja UTC mlangoni, na seva ikitii neno la mgeni kuliko agizo langu. Nilipojaribu kutoka ofisini sikupitia dereva ile, kwa hiyo jaribio langu lilinipa tena taa ya kijani. Mara ya pili! Nilikuwa nimejaribu mlango ambao si ule unaotumika.

Nikaingia kwenye kontena, nikaliambia TZ yake, yaani ukanda wake wa saa, ni Africa/Lubumbashi, nikaliwasha upya, na safari hii nikauliza kupitia adapta yenyewe. Ikajibu Lubumbashi. Ripoti ikakaa.

Usiku huo sikulala vizuri hata hivyo. Kontena huvunjwa na kujengwa upya. Miezi sita ijayo mtu, labda mimi, ataliunda jipya, atasahau mstari mmoja, na usiku uleule papa wa pointage ataanza kuiba tena. Kwa hiyo nikaenda kwenye swali lenyewe nikaandika mji ndani yake: saa ya kila shehena igeuzwe AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi' kwanza, ndipo tarehe ikatwe. Sasa aje nani aulize, kutoka popote, akiwa na ukanda wowote, siku ya boulangerie ni siku ya Lubumbashi. Limekuwa refu na halipendezi. Na liwe hivyo.

Nikiwa kwenye msako huo nilipita na kwenye kompyuta ya mama wa kesi. Saa yake kwenye skrini ilikuwa sahihi kabisa. Ukanda wake: Kinshasa. Mtu fulani aliona saa iko nyuma, akaisogeza mbele kwa mkono, akaondoka. Ukiitazama unaona iko sawa. Ukiiuliza dakika hii ni ipi duniani, inakosea kwa saa nzima. Nilikaa nikiitazama kwa muda kabla ya kuigusa. Kwa bahati hakuna kitu kinachoandikwa saa kutoka pale.

## Kurudisha

Kumweleza patroni kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, na si kwa sababu ya UTC. Hiyo aliielewa haraka. Ana ndugu Kinshasa. Kilichomshinda ni kwamba hapakuwa na mwizi. Aliniuliza mara tatu, kwa njia tatu. Nadhani alikuwa ameshazoea kuwa mtu aliyeibiwa na akagundua. Nilimwonyesha 286 na 272, nikamwonyesha 412 mara mbili, kwenye karatasi na kwenye daftari. Mwishoni akasema, "Basi wewe ndiye uliyemkata."

Nikasema ndiyo.

Fedha zilirudi na mshahara wa mwezi wa saba, ndani ya bahasha ileile, bila maneno. Nilitaka patroni aseme kitu mbele ya wafanyakazi wote, maana kukatwa kwake kulijulikana uani mzima hadi kwa akina mama wanaokuja na mabeseni. Hakusema. Mimi nilisema, saa saba usiku, mbele ya wapakiaji wanne na dereva, kwamba kosa lilikuwa langu na lilikuwa la saa. Sijui walielewa nini. Mmoja aliuliza kama sasa nitawarekebishia na saa ya kuingia kazini.

Papa wa pointage hakuniambia amenisamehe wala hajanisamehe. Aliuliza swali moja: kama mashine ilikuwa inaona saa nyingine, kwa nini siku ya matofali sikuliamini gari?

Sina jibu. Nililiona gari. Nilikuwa na macho yangu na karatasi yangu, nikachagua karatasi.

Sasa ninakwenda mara moja kwa wiki kulinganisha ripoti na daftari, mstari kwa mstari. Wiki ya kwanza nilimwomba nilichukue daftari nyumbani nikalinakili kwa utulivu. Aliniangalia, akalifuta unga kwa kiwiko, akaliweka juu ya kreti iliyogeuzwa karibu na tanuri.

"Utasomea hapa hapa, shefu. Mwangaza uko."

Basi huwa nasomea pale, nimesimama, huku wanapakia ya Likasi.